Afande wa Maji Meusi

Kanisani kwetu mchungaji alikuwa na desturi ya kutuambia tusali kimya, kila mtu na Mungu wake. Hapo ndipo tulipomsikia Afande. Sauti ya chini hakuwa nayo. Sijui kama hakuzaliwa nayo au aliiacha jeshini. Akiwa amefumba macho, mikono imebanwa mbavuni kama yuko gwarideni, alimwagiza Mungu aongeze mvua Kyondo, alikokuwa na shamba la kahawa, na aipunguze Kasese, hasa upande wa kiwanda, kwa sababu mabwawa yamejaa. Kisha alisema "Amina" kwa namna ambayo ungedhani Mungu ndiye aliyepaswa kupiga saluti.

Kiwandani hakuna aliyemwita jina lake. Alikuwa Afande tu, na kazi yake ilikuwa maji machafu.

Kiwanda chenyewe kilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Bwera. Tulipika matete, makapi ya miwa na maboksi ya zamani pamoja na magadi makali mpaka vikawa uji, na uji huo ukageuzwa karatasi nzito ya kutengenezea maboksi mapya. Karatasi ilitoka kwa mlango wa mbele, safi, imefungwa vizuri, ikasindikizwa na Meneja mwenyewe. Kwa mlango wa nyuma yalitoka maji meusi kama kahawa iliyoungua, yenye povu, na harufu ambayo ilikaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Hayo yalisindikizwa na Afande.

Mimi niliajiriwa kuyapima. Baba alitoka Kenya kuja kufanya kazi ya saruji, akatulea Kasese, nami nilipomaliza chuo nikarudi nyumbani na cheti cha maabara na koti jeupe. Siku yangu ya kwanza Afande aliliangalia koti lile kutoka juu hadi chini.

"Wewe iko daktari ya nani?"

"Wa maji, Afande."

"Vizuri. Maji iko mgonjwa kweli. Sasa vua hiyo koti, kuruta. Mgonjwa hii inatapika."

Nikabaki kuruta tangu siku hiyo, hata nilipopandishwa cheo mara mbili.

Kwa maelezo yake, jeshini alipigana vita vya maji. Kila mgeni aliyaelewa maneno hayo alivyotaka; wengi waliona mito inavukwa chini ya risasi, na Afande hakuwazuia kuona hivyo. Lakini ukimuuliza moja kwa moja alikwambia bila aibu kwamba alikuwa msimamizi wa vyoo vya kambi. "Jenerali anaweza kosa bunduki siku moja," alisema. "Kukosa choo, hapana."

Mabwawa yetu yalikuwa matatu. Katika la kwanza maji yalitulizwa ili nyuzi zilizoponyoka kwenye uji zizame. Katika la pili kulikuwa na mashine za kupuliza hewa zilizoyavuruga maji bila kupumzika, na humo waliishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao chakula chao ni uchafu. La tatu lilikuwa la kungoja. Maji yalikaa, yakapimwa, ndipo yakaachiwa kuingia kwenye kijito kinachoteremka mtoni, ambako watu walichota na ng'ombe walikunywa.

Afande aliwahesabu wadudu wa bwawa la pili kuwa kikosi chake. Aliwaona mara moja tu, kwenye hadubini yangu. Aliinama akatazama kwa muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia.

"Iko mingi," alisema.

"Ndiyo, Afande."

"Na hakuna hata moja imekaa."

Tangu siku ile alikataza mtu yeyote kutema mate bwawani. Alipowamwagia yurea na samadi, chakula kilichowafanya wakue, alitangaza "Chakula!" kwanza, halafu akangoja kidogo kabla ya kumwaga, kama anayewapa nafasi wapange mstari. Kibarua mmoja aliyeziba pua karibu na bwawa alipewa hotuba nzima. "Wewe ukifanya kazi usiku na mchana bila mshahara, utanukia nini? Marashi?" Tulicheka, lakini niseme ukweli wa maabara: vipimo vya bwawa la pili havikuwahi kuwa vizuri kama wakati wake.

Taka, kwa Afande, ni askari ambaye hajapewa kazi. Alilisema hilo kila alipopata wasikilizaji, na asipopata aliniambia mimi. Nyuzi zilizozama bwawa la kwanza tulizichota, tukazikamua, tukazifinyanga kuwa trei za mayai, na wafugaji wa kuku wakaja kuzichukua wenyewe. Yale maji meusi yenyewe yalikuwa na mali zaidi. Ndani ya kila bua kuna gundi inayolifanya lisimame. Ukilipika kwa magadi, gundi inayeyuka na kubaki majini, na ndiyo inayoyapa weusi. Tulipitisha moshi wa boila ndani ya maji hayo, gundi ikaganda kama maziwa yaliyotiwa ndimu, tukaichuja na kuianika. Ikawa unga wa kahawia uliofanana na kakao kiasi kwamba mgeni mmoja kutoka Kampala aliuliza sukari iko wapi. Tuliuchanganya na vumbi la makaa tukapata briketi zinazowaka vizuri. Maji yaliyobaki, yenye magadi, yalirudishwa kidogo kidogo kwenye sufuria kuu kupikia matete mengine.

Wazo la moshi halikuwa lake. Lilikuwa la injinia mmoja kijana aliyekaa kwetu muda mfupi akaenda kutafuta kiwanda chenye harufu nzuri zaidi. Gari la injinia lilipotoka getini, Afande alianza kulisimulia wazo hilo kama jambo aliloligundua kambini, na kila mwaka kambi hiyo ilisogea mbali zaidi nasi, karibu zaidi na mapigano. Kazi hiyo yote tuliifanyia kwenye banda la mabati lenye mapipa machache. Kwenye kalenda ya kampuni mapipa hayo yalipigwa picha kwa karibu mno, yakaonekana kama kiwanda cha pili.

Afande alikuwa hivyo. Alihubiri usafi wa mto wiki nzima, na Jumamosi nilimkuta amesimama katika kijito kilekile, suruali imekunjwa, anaosha pikipiki yake kwa sabuni ya unga, povu linateremka kuelekea kwa majirani.

"Afande, na povu hili?"

Alifikiri. "Hii ni povu ya mtu moja. Ile ni povu ya kampuni."

"Mto unajua tofauti?"

"Kuruta, shika hii brashi, sugua huko nyuma."

Uwongo pia alikuwa na namna yake ya kuugawa. Sisi wa chini alitudanganya kila siku, kwa furaha: kahawa yake ndiyo bora Kyondo nzima, aliwahi kuvuka mlima hadi Kongo akiwa na cherehani kichwani, chui alimpisha njia. Lakini mkubwa akimuuliza swali, alisimama wima na kumpa ukweli wote, mkavu, kama ripoti ya zamu. Nadhani hakuuona kuwa wema. Aliona ni kanuni tu, kama kufunga vifungo vya shati. Sisi tuliona ni ujinga unaovumilika, kwa kuwa wakubwa hawakuwa na tabia ya kumuuliza lolote.

Meneja wetu alikuwa mtu wa matumaini. Neno "mazingira" alilitamka huku ameweka kiganja kifuani. Bili ya umeme ilipompandisha presha, alitembea hadi kwenye mabwawa, akasikiliza mashine za hewa zinavyonguruma, akauliza hizi zinatoa karatasi kiasi gani. Tukamwambia hazitoi karatasi. Akaagiza zizimwe mpaka mwisho wa mwezi.

"Bwana Meneja," Afande alisema, "hii wadudu inavuta hewa. Ukizima, itakufa."

"Watapumzika kidogo, Afande. Kila mfanyakazi anahitaji likizo."

"Hii si wadudu ya likizo."

"Wakifa watazaliwa wengine. Zima."

Afande alitazama mashine, akamtazama Meneja, akapiga saluti, akazima. Kisha alikaa kwenye ukingo wa bwawa la pili hadi jioni. Mimi nilikuwa nimesimama naye na koti langu jeupe, nikiwa na vyeti vyote vya kunionyesha kitakachotokea, na sikuwa na la kufanya zaidi yake.

Kilitokea haraka. Bwawa la pili lilibadilika rangi likawa kama la kwanza, la tatu likafuata, na harufu ikapanda barabara hadi stendi ya teksi mjini, ambako makondakta walianza kugombana kila mmoja akimwuliza mwenzake amebeba nini. Watu wa bondeni walikuja getini na jerikeni za maji ya kijito, wakamwomba Meneja aonje. Aliwashukuru sana kwa kujali mazingira. Wakaenda kulalamika kwingine, na habari ikatufikia kwamba wakaguzi wa serikali watakuja.

Kiwanda kizima kikapata kazi. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Miche ya maua ilichomekwa ardhini bila mizizi. Mashine za hewa ziliwashwa tena, zikawapulizia hewa wafu. Na asubuhi ya ukaguzi zikaja bodaboda kutoka Katwe, kila moja na jerikeni zilizokatwa juu, ndani yake samaki wazima aina ya ngege. Meneja aliwamimina kwa mkono wake mwenyewe katika bwawa la tatu. "Mgeni akiona samaki," alituambia, "hahitaji kuona kitu kingine."

Hesabu yake ingekuwa sahihi kama wageni wangeanza na samaki. Lakini walianza na chai, halafu sala, halafu kwaya ya wafanyakazi, halafu hotuba ya Meneja kuhusu maji kuwa uhai. Walipofika bwawa la tatu, ngege wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakimeza hewa.

"Hawa ni samaki wetu," Meneja alisema. "Mnaona? Wanasalimia wageni."

Watu walipiga makofi. Ngege mmoja aligeuka tumbo juu. Mkuu wa wakaguzi, mama mmoja aliyevaa gambuti na ambaye hakuwa amepiga makofi tangu asubuhi, alitazama huku na huku akamwona Afande.

"Wewe ndiye msimamizi wa mabwawa?"

Nilimwona Afande anavuta visigino pamoja.

"Ndiyo, afande!" alimjibu yule mama.

"Hawa samaki wanaishi hapa?"

Meneja alianza kukohoa.

"Hapana, afande. Imefika leo asubuhi, na bodaboda."

"Kutoka wapi?"

"Katwe, afande."

"Na bwawa la pili? Wadudu wako hai?"

"Imekufa yote, afande. Hewa ilizimwa."

"Nani aliizima?"

Hapo alinyamaza kidogo, na nilijua hakuwa anatafuta uwongo. Alikuwa anapanga ukweli kwa vyeo. "Amri ilitoka kwa mkubwa yangu. Mkono ilikuwa yangu."

Halafu mtu wa kwaya alicheka, akafuatwa na wengine, tukacheka hadi machozi, hata walinzi. Yule mama hakucheka. Aliagiza kiwanda kifungwe siku ileile mpaka maji yatengenezwe.

Kicheko kilikwisha tulipoelewa maana ya neno hilo. Kufungwa kwa kiwanda ni kufungwa kwetu sisi. Kufikia saa tisa watu waliocheka zaidi ndio waliotukana zaidi, na hawakumtukana Meneja. Fundi wa boila, mtu mpole aliyekuwa akigawana chakula na Afande, alisimama mbele yake karibu na geti.

"Ungenyamaza tu, Afande. Tu! Mtu anaweza kukosa kusikia swali. Mimi nina mtoto sekondari."

Afande alikuwa amefukuzwa muda mfupi kabla, kwa kosa la utovu wa nidhamu, mtu ambaye alivaa soksi zilizopigwa pasi. Alitoka getini na mfuko wake mmoja kwenda kwenye steji ya bodaboda. Pikipiki yake ilikuwa gereji wiki hiyo. Waendesha boda wa pale walikuwa ndugu na mashemeji wa wafanyakazi. Mmoja alijifanya anatengeneza mnyororo, mwingine akajifanya analala. Afande alisimama pale kwa muda, kisha akaweka mfuko begani akaanza kutembea. Tulimtazama sote mpaka akapotea kwenye kona. Hakuna aliyemfuata, nami nikiwemo.

Kiwanda kilikaa kimefungwa muda mrefu. Watu wengine walirudi mashambani, wengine walivuka kwenda kufanya biashara Kongo. Mwishowe kikauzwa, na wenye kiwanda wapya, ambao walikuwa na wateja wakali ng'ambo, wakanunua mashine mpya za hewa na kujenga jengo halisi la kutolea gundi kwenye maji meusi. Leo briketi zetu zinapikia nusu ya hoteli za Kasese. Mimi ndiye msimamizi wa mabwawa. Meneja wa sasa anasafiri kwenda mikutanoni kuzungumzia "ubunifu wetu," na katika mkutano mmoja alisikia kutoka kwa mtu kisa cha ngege, akarudi amesisimka sana. Akanipa gari na dereva. Alitaka Afande aje kukata utepe wa jengo jipya mbele ya wateja. Wateja, alinieleza, wanapenda sana mtu mkweli, hasa akiwa mzee na akitoka vizuri kwenye picha.

Nilimkuta Bwera, juu kidogo ya barabara inayoshuka mpakani. Mkewe, mama wa upande wa Kongo, alinipokea mlangoni.

"Karibu, mutoto yangu. Unatoka Kasese? Kasese ya fakitori?" Alipunguza sauti. "Tukipitaka kule na teksi, Muzee anafunikaka uso na kofia. Hata kushuka kununua maji anakatala. Nikimuuliza, ananyamazaka. Aliuaka mutu kule?"

"Hapana, mama."

"Basi aliiba?"

"Hapana. Alisema ukweli tu."

Alinitazama kama mtu aliyesubiri jibu kubwa zaidi, akanielekeza nyuma ya nyumba.

Afande alikuwa amezeeka. Mgongo ulikuwa bado umenyooka, lakini ulionekana sasa unanyooshwa kwa bidii. Alikuwa anawagombeza kuku. Aliponiona alisema "Kuruta" bila mshangao wowote, akaagiza viti. Nilimweleza ujumbe wote: utepe, wateja, picha, hata zawadi ya cheti chenye fremu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwambie huyo mkubwa yako asante," alisema. "Lakini mimi si samaki."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Watu walirudi kazini?" aliuliza.

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuna aliyewahi kumwambia. Miaka yote hiyo alikuwa akipita Kasese amefunika uso kwa ajili ya geti ambalo kwake lilikuwa bado limefungwa. Nikamwambia walirudi, wengi wao. Akataka mmoja mmoja. Mama wa kantini? Yuko, ana kantini mbili. Yule mlinzi mrefu? Alihamia Fort Portal, ana duka. Mtu wa kwaya aliyecheka kwanza? Bado anaimba, bado vibaya. Kila jibu alilipokea kwa kuinamisha kichwa, kama anayetia alama.

"Na fundi wa boila?"

"Yuko. Ni mkuu wa zamu sasa."

"Yule mtoto yake ya sekondari?"

Ningeweza kusema anaendelea vizuri, na lisingekuwa jambo la uwongo kabisa. Lakini alikuwa amekaa wima mbele yangu, mikono magotini, na alikuwa amewahi kuwa mkubwa wangu.

"Hakurudi shule, Afande. Kiwanda kilipofungwa alianza kuuza nyanya sokoni kusaidia nyumbani. Kilipofunguliwa wenzake walikuwa wameshamaliza. Bado yuko sokoni."

Mkewe alileta chai, akatuangalia wote wawili, akaenda zake. Afande hakuigusa yake.

"Huyo moja," alisema mwishowe, "iko juu yangu."

Nilijaribu kumwambia kwamba si yeye aliyetoa amri ya kuzima mashine. Akaniuliza kama dereva wangu amepewa chakula.

Niliporudi nilimwambia Meneja kwamba mzee ana afya dhaifu. Utepe ulikatwa na mtu mwingine, aliyetoka vizuri zaidi kwenye picha.

Wiki kadhaa baadaye fundi wa boila alinijia maabara, akafunga mlango nyuma yake.

"Afande alikuja kwangu Jumapili," alisema. "Alishuka kwenye teksi mchana kweupe, kichwa wazi. Akasimama mlangoni kwangu, akapiga saluti. Akasema, 'Mtoto yako ilikosa shule kwa sababu ya mdomo yangu.' Nikamwambia, Afande, ingia ndani, nilikuwa na hasira siku ile, na si wewe uliyezima mashine. Akasema, 'Najua nani alizima. Mimi nazungumza juu ya mdomo.'"

"Ukasemaje?"

"Nilimuuliza, ungeulizwa tena leo ungefanyaje? Akasema, 'Nitajibu tena.'" Fundi alitikisa kichwa. "Hapohapo, amesimama! Na machozi yanatoka."

"Sasa hilo ni ombi la msamaha la namna gani?"

"Sijui. Nimelipokea." Alishika kitasa cha mlango, akaanza kucheka peke yake. "Tatizo ni ile sauti. Majirani wote walitoka mbio wakidhani nakamatwa. Ikabidi mke wangu asimame barabarani awatulize, awaambie rudini, rudini, ni mgeni tu, anatubembeleza."